Je, Wajua? Walinzi wa Ini, Figo na Moyo Waliopatikana Maabara

Dawa ikishamezwa au kuchomwa haiendi kwenye ugonjwa peke yake. Damu huisambaza mwili mzima, ini huivunjavunja, figo huitoa, na popote inapopita au kukaa muda mrefu inaweza kuacha jeraha. Ndiyo maana ini na figo huumizwa na dawa mara nyingi kuliko viungo vingine. Kwa zaidi ya miaka 50 wamekuwapo watafiti ambao kazi yao si kutafuta dawa mpya ya ugonjwa, bali kutafuta namna ya kumlinda mgonjwa na dawa ambayo tayari anaihitaji. Hawatangazwi sana, na naona hawajatendewa haki, maana baadhi ya dawa tunazozitegemea leo zingekuwa zimetupwa zamani kama si wao. Ukizifuatilia kazi zao utakuta swali moja likijirudia: mlinzi asimame wapi, na aje saa ngapi?

Je, wajua kwamba sumu ya parasetamoli hutengenezwa na ini lenyewe?

Parasetamoli, ambayo wengi tunaiita panadol hata kama imetoka kiwanda kingine, ilianza kuuzwa kwa wingi miaka ya 1950, ikisifiwa kwamba hailiumizi tumbo kama aspirini. Mwaka 1966 madaktari wa Edinburgh, Scotland, waliripoti wagonjwa waliozidisha dozi ambao ini lao liliharibika vibaya. Ikabaki kuulizwa: dawa inayowafaa mamilioni ya watu inawezaje kuliua ini la mtu mmoja?

Jibu lilitoka Bethesda, Marekani, mwaka 1973, katika mfululizo wa makala za Jerry Mitchell, David Jollow na wenzao wa Taasisi za Taifa za Afya. Wakitumia wanyama wa maabara, hasa panya wadogo, walionyesha kwamba hatari haiko kwenye parasetamoli yenyewe. Sehemu yake kubwa ini huifungasha pamoja na aina ya sukari au na salfa, ikatoka kwa mkojo bila kumdhuru mtu. Sehemu ndogo hupita kwa kimeng'enya kingine na kugeuka kuwa kemikali kali ambayo leo huitwa kwa kifupi NAPQI. Katika dozi ya kawaida kemikali hiyo haifiki mbali, kwa kuwa ini lina akiba ya glutathioni, molekuli ndogo yenye salfa inayoinasa na kuizima. Dozi ikizidi, akiba huisha. NAPQI iliyobaki hung'ang'ania protini za seli, mitokondria hushindwa kuzalisha nguvu, na seli hufa.

Ukichukua kipande cha ini la panya huyo siku moja baadaye, ukakikata kiwe chembamba kuliko karatasi, ukakitia rangi na kukiweka chini ya hadubini, utaona mambo kwa macho yako. Seli zilizo hai ni za waridi na viini vyake ni vya zambarau. Lakini kuzunguka kila mshipa mdogo wa kati kuna duara lililopauka, viini vimefifia, mipaka ya seli na seli haionekani tena. Nje ya duara hilo ini ni zima. Kimeng'enya kinachotengeneza NAPQI kimejaa zaidi katika seli zinazouzunguka mshipa huo, na hizo ndizo zilizokufa.

Kama shida ni kwisha kwa glutathioni, basi irudishwe. Tatizo ni kwamba glutathioni ikitiwa kwenye damu haiingii vizuri ndani ya seli. Laurie Prescott na wenzake wa Edinburgh walianza na sisteamini, wakaitolea taarifa mwaka 1974: ililinda ini lakini iliwatapisha wagonjwa vibaya. Mwaka 1977 wakaripoti asetilisisteini, dawa iliyokuwa ikitumika kulainisha makohozi mazito. Hii huingia ndani ya seli, na hapo ini huitumia kama malighafi ya kutengeneza glutathioni mpya. Katika taarifa yao ya wagonjwa 100 iliyotoka mwaka 1979, walioanzishiwa dripu ndani ya saa 8 baada ya kumeza dawa karibu wote walinusurika na jeraha kubwa la ini. Baada ya hapo, kila saa inayopita hupunguza kinga.

Hili ni jambo la kujulikana katika kila nyumba. Aliyezidisha parasetamoli anaweza kujisikia mzima kabisa siku ya kwanza, ini likaanza kushindwa siku ya pili au ya tatu. Anayesubiri dalili ndipo aende hospitali anakuwa ameupitisha muda ambao asetilisisteini hufanya kazi vizuri zaidi. Kwa mtu mzima mwenye afya dozi isizidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na wengi huivuka bila kujua wanapochanganya vidonge vya maumivu na dawa za mafua ambazo nazo zina parasetamoli ndani yake.

Je, wajua kwamba kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua paka?

Paka hana kimeng'enya kamili cha kuifungasha parasetamoli pamoja na sukari. Jeni yake imeharibika tangu kale, na uchunguzi umeonyesha kasoro hiyohiyo kwa jamaa zake wakubwa wa porini. Kwa hiyo dawa nyingi zaidi huishia kwenye njia ya sumu, na kwa paka kinachoumia kwanza ni damu: hugeuka rangi ya kahawia na kushindwa kubeba oksijeni.

Nyoka pia hawaivumilii. Katika kisiwa cha Guam, Bahari ya Pasifiki, ambako nyoka wa kahawia wa mitini walioletwa na meli wamewamaliza ndege wengi wa asili, Wamarekani hudondosha kutoka angani panya waliokufa, kila mmoja akiwa na miligramu 80 tu za parasetamoli. Nyoka anayemla panya huyo hufa. Kinachomfaa binadamu kinaweza kumuua mnyama, ndiyo maana mtu mwenye paka nyumbani hapaswi kamwe kukisia dozi ya kumtuliza maumivu.

Je, wajua kwamba maji ya dripu ndiyo yaliyoiokoa moja ya dawa kubwa za saratani?

Mwaka 1965 Barnett Rosenberg wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan alitangaza jambo la ajabu. Alikuwa akipitisha umeme kwenye chombo chenye bakteria, na bakteria wakaacha kugawanyika. Wakarefuka tu kama nyuzi. Si umeme uliowazuia. Vipande vya platinamu vilivyopitisha umeme huo vilikuwa vikiyeyuka kidogo kidogo na kuunda kemikali inayozuia seli kugawanyika. Kemikali hiyo ni sisplatini, iliyokuwa imetengenezwa kwa mara ya kwanza katika karne ya 19 bila yeyote kujua ina faida gani kwa mgonjwa.

Ilipofika kwa wagonjwa iliyeyusha uvimbe wa saratani, lakini iliangusha figo. Seli za mirija ya figo zina mlango wa protini unaoikaribisha sisplatini ndani, hivyo dawa hujikusanya humo kwa wingi kuliko katika damu. Dawa ilikuwa karibu kuachwa. Esteban Cvitkovic na wenzake huko New York walijaribu kwa mbwa njia ambayo kwa macho ni nyepesi mno: maji mengi ya chumvi kwa dripu pamoja na manitoli, ili mkojo upite kwa wingi na dawa isikae kwenye mirija. Figo za mbwa zikapona, wakahamia kwa wagonjwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 1977. Mwaka uliofuata sisplatini ikaidhinishwa Marekani. Leo muuguzi anayemtundikia mgonjwa chupa za maji kabla na baada ya sisplatini anafanya kazi iliyotokana moja kwa moja na majaribio yale.

Yakabaki masikio. Sisplatini huua seli zenye vinyweleo ndani ya sikio, na seli hizo kwa binadamu hazioti tena. Mtoto anayepona saratani ya ini anaweza kubaki asisikie vizuri, na mtoto asiyesikia vizuri huchelewa kuongea na hupata shida shuleni. Sodiamu thayosulfeti, chumvi yenye salfa, huishika platinamu na kuifanya isidhuru. Lakini ukiitoa pamoja na sisplatini unaizima dawa na kuilinda saratani. Edward Neuwelt na wenzake wa Oregon walitumia miaka mingi, kuanzia kwa wanyama wa maabara, wakitafuta muda wa kuzitenganisha. Katika jaribio kubwa la watoto wenye saratani ya ini, lililochapishwa mwaka 2018, thayosulfeti ilitolewa saa 6 baada ya sisplatini kumalizika. Waliopoteza usikivu walikuwa 33% kati ya waliopewa kinga, na 63% kati ya wasiopewa, na kupona kwao saratani hakukutofautiana.

Hata hivyo, jaribio jingine lilionyesha kwamba watoto ambao saratani yao ilikuwa imeshasambaa waliishi muda mfupi zaidi walipopewa thayosulfeti. Kwa hiyo Marekani, ilipoiidhinisha mwaka 2022, iliweka sharti: iwe kwa watoto ambao saratani haijasambaa. Naiheshimu sana tahadhari hiyo. Ni rahisi kushangilia mtoto anayesikia na kusahau kuuliza kama uvimbe nao umelindwa.

Je, wajua kwamba kuna mlinzi anayelala kwenye damu na kuamka kwenye figo?

Saiklofosfamaidi ni dawa ya saratani yenye historia yake hapa kwetu. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, Denis Burkitt na wenzake waliona miaka ya 1960 kwamba uvimbe wa taya za watoto, ule unaobeba jina lake mpaka leo, ulinywea kwa dozi chache tu za dawa hiyo. Mwaka 1967 Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa, na kazi hiyo ikaendelea humo.

Dawa hiyo, na zaidi ndugu yake ifosfamaidi, huacha kwenye mkojo mabaki makali yaitwayo akrolini. Akrolini huchubua kibofu mpaka mgonjwa akakojoa damu. Norbert Brock, Mjerumani aliyeshiriki kuigundua saiklofosfamaidi yenyewe, alirudi maabara kutafuta kitu cha kukilinda kibofu bila kuigusa dawa mwilini kwingine. Alikipata kwa kujaribu kwa panya: mesna. Ikiingia kwenye damu, molekuli zake huungana mbilimbili na kuwa butu, haziingilii dawa inayopigana na saratani. Zikifika kwenye figo hutenganishwa, hurudia ukali wake, na hutiririka na mkojo hadi kwenye kibofu, ambako huinasa akrolini. Katika walinzi wote ninaowataja hapa, huyu ndiye aliyepangwa vizuri kuliko wote, kwa kuwa mahali pake pa kazi pameandikwa ndani ya kemia yake. Bila mesna, ifosfamaidi isingeweza kutolewa kwa dozi zinazotolewa leo.

Je, wajua kwamba dawa ilisifiwa kwa sababu isiyokuwa yenyewe?

Doksorubisini ni dawa nyekundu kama juisi ya rozela, ya ukoo uliotokana na vijidudu vya udongo wa kusini mwa Italia, karibu na ngome ya Castel del Monte. Inatibu saratani ya matiti, ya damu na nyingine nyingi, lakini kadiri dozi zinavyojumlika moyo huchoka, na wakati mwingine hushindwa miaka kadhaa baada ya matibabu kwisha.

London, katika Mfuko wa Kifalme wa Utafiti wa Saratani, Kurt Hellmann na Andrew Creighton walikuwa wametengeneza kundi la molekuli zinazoingia ndani ya seli na kushika madini. Walizitaka ziwe dawa za saratani. Moja ya ukoo huo, deksirazoksani, ikaonekana kuulinda moyo wa wanyama waliopewa doksorubisini. Maelezo yakawa mepesi: doksorubisini na madini ya chuma huzalisha chembe haribifu, na deksirazoksani huinyang'anya doksorubisini chuma hicho. Dawa ikaidhinishwa Marekani mwaka 1995 kwa maelezo hayo.

Mwaka 2012 watafiti wa Houston, Texas, walikuja na panya ambao seli za mioyo yao zimeondolewa kimeng'enya kimoja kinachofungua mafundo ya DNA, topoisomerasi ya aina ya beta. Panya hao walipewa doksorubisini na mioyo yao haikuharibika. Kumbe doksorubisini huidhuru DNA ya moyo kupitia kimeng'enya hicho, na deksirazoksani hukizuia kisipatikane. Dawa iliwafaa wagonjwa kwa miaka 17 kabla ya sababu yake kubwa kuonekana. Hili si la kuwadharau waliotangulia; walipima moyo, wakaona umelindwa, na hilo lilikuwa kweli.

Je, wajua kwamba dozi moja kubwa inaweza kuidhuru figo kidogo kuliko dozi tatu ndogo?

Jentamaisini ni sindano inayojulikana katika wodi za watoto wachanga Afrika Mashariki, ikitolewa pamoja na ampisilini mtoto anapopata maambukizi makali. Inadhuru figo na masikio. Akili ya kawaida ingesema tuigawanye dozi ili mwili usipate kishindo. Figo zinafanya kinyume. Seli zake huibeba jentamaisini kwa protini iitwayo megalini, na megalini ikishajaa haiwezi kubeba zaidi hata damu ikiwa na dawa nyingi. Dozi kubwa ya mara moja hupita kwa wingi na kutoka kwa mkojo, halafu figo hupata muda mrefu wa kupumzika. Dozi ndogo za mara kwa mara huiacha megalini ikifanya kazi mchana na usiku. Ndiyo moja ya sababu siku hizi sindano hiyo hutolewa kwa kawaida mara moja kwa siku.

Kwa upande wa masikio, watafiti wa Seattle, Marekani, wanamtumia samaki mdogo mwenye milia kama ya pundamilia. Samaki huyo ana seli zenye vinyweleo, za aina ileile iliyomo ndani ya sikio letu, ila zake ziko nje, zimepangika ubavuni, naye hutumia kuhisi mwendo wa maji. Unamweka mtoto wa samaki kwenye kijisahani, unatia antibiotiki ya jamii ya jentamaisini, kisha unahesabu chini ya hadubini seli zilizobaki hai. David Raible, Edwin Rubel na wenzao walichuja kwa njia hiyo karibu molekuli 11,000, na mwaka 2008 wakatangaza mbili zilizozilinda seli hizo.

Je, wajua kwamba saa ya kutundika dripu inaweza kubadilisha madhara yake?

William Hrushesky aliwapa wanawake wenye saratani ya ovari dawa zilezile mbili, doksorubisini na sisplatini, kwa nyakati tofauti. Katika makala yake ya mwaka 1985 waliopata doksorubisini saa kumi na mbili asubuhi na sisplatini saa kumi na mbili jioni walidhurika kidogo kuliko waliofanyiwa kinyume.

Hata kula kuna saa yake. Mwaka 2008 kundi la Valter Longo, huko California, lilionyesha kwamba panya waliofungishwa kwa siku mbili au zaidi kidogo walistahimili dozi kali ya dawa ya saratani iitwayo etoposaidi, wakati wenzao walioshiba walikufa wengi. Seli zenye njaa hujikunyata na kujilinda, ilhali seli za saratani haziisikii amri hiyo. Lakini mtu asikimbilie kufunga ndipo anywe dawa. Anayetaka kuonyesha madhara ya parasetamoli kwa panya humfungisha usiku kucha kabla, kwa sababu njaa huishusha glutathioni ya ini na kulifanya liungue upesi. Njaa hiyohiyo inamlinda panya mmoja na kumuua mwingine, kutegemea dawa ni ipi.

Je, wajua kwamba tumbusi wa Afrika walisaidia kuwaokoa tumbusi wa Asia?

India ilikuwa na mamilioni ya tumbusi. Kuanzia miaka ya 1990 walianguka kwa kasi isiyoelezeka; aina moja, yenye mgongo mweupe, ilipungua kwa zaidi ya 99%. Mwaka 2004 Lindsay Oaks na wenzake, wakifanya kazi Pakistan, waliwapasua ndege waliokufa na kukuta viungo vya ndani vimepakwa unga mweupe wa asidi ya yuriki, dalili kwamba figo zimekufa. Chanzo kilikuwa diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe. Tumbusi aliyekula mzoga wa ng'ombe aliyetibiwa karibuni alikuwa anakula sumu ya figo.

Kupiga marufuku bila mbadala kungewaacha wafugaji mikono mitupu. Gerry Swan wa Pretoria na wenzake walimpima kwanza tumbusi wa Afrika mwenye mgongo mweupe, ndugu wa karibu wa wale wa Asia, kwa kutumia ndege waliojeruhiwa ambao wasingeweza kurudi porini. Wakapandisha dozi ya meloksikamu, dawa nyingine ya maumivu, hatua kwa hatua huku wakipima asidi ya yuriki kwenye damu. Figo zikabaki salama. Matokeo yalitoka mwaka 2006, na mwaka huohuo India, Pakistan na Nepal zikaipiga marufuku diklofenaki ya mifugo.

Je, wajua kwa nini mgonjwa wa kifua kikuu hupewa kidonge cha vitamini?

Isoniazidi ilianza kutumika mwaka 1952, na muda si muda wagonjwa wakalalamika miguu kuwaka moto na kufa ganzi. Utafiti ukaonyesha kwamba dawa huipokonya mishipa ya fahamu vitamini B6. Kidonge kidogo cha pairidoksini kinarudisha kilichochukuliwa, wala hakiwapi nguvu vimelea wa kifua kikuu. Kwa ini hakuna kidonge rahisi namna hiyo. Tiba fupi ya miezi 6, iliyothibitishwa kwa majaribio ya Afrika Mashariki na Uingereza kuanzia miaka ya 1970, huchanganya isoniazidi, rifampisini na pirazinamaidi, na zote tatu zinaweza kulidhuru ini. Mgonjwa akiona macho yamegeuka manjano au mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, arudi kliniki siku hiyohiyo.

Je, wajua kwamba hata kiyeyushi kinaweza kuonekana kama dawa?

Mlonge tunaujua. Mwaka 2008 watafiti wa Malaysia waliwapa panya dondoo la majani yake, kisha wakawapa parasetamoli nyingi, na ini likadhurika kidogo kuliko la panya wasiopewa. Walilinganisha na silimarini, dondoo la mbigili wa Ulaya ambalo maabara nyingi hulitumia kama kipimo cha walinzi wa ini. Kuna mamia ya kazi za namna hii duniani, za majani, magome na mizizi, na nyingi zimefanywa Afrika na Asia kwa vifaa vichache na kwa bidii kubwa. Nazipenda, kwa sababu mimea yetu inastahili kupimwa na si kusifiwa tu.

Lakini Hartmut Jaeschke wa Kansas, aliyeichunguza parasetamoli kwa miongo kadhaa, ameandika mara nyingi akizikosoa kwa hoja ambazo sioni namna ya kuzikwepa. Kwanza, dondoo hutolewa kabla ya sumu. Mgonjwa wa kweli hufika hospitali saa nyingi baada ya kumeza. Pili, panya wakubwa wanaotumiwa mara nyingi huistahimili parasetamoli, na ini lao halifi kama la binadamu. Panya wadogo wanafanana nasi zaidi. Tatu, na hili ndilo zito, mmea unaweza kuwa umekizuia tu kile kimeng'enya kinachotengeneza NAPQI. Sumu isipotengenezwa, ini litaonekana limelindwa, ila mbinu hiyo haimsaidii mtu ambaye sumu imeshajaa ndani yake. Hata DMSO, kiyeyushi ambacho watafiti huyeyushia dondoo na kemikali zao, hukizuia kimeng'enya hicho. Imewahi kutokea molekuli ikasifiwa kulinda ini, na baadaye ikaonekana kwamba sehemu ya sifa hiyo ilikuwa ya kiyeyushi.

Njia ya kuzijibu hoja hizo ipo. Kikundi kimoja cha panya kipewe kiyeyushi kitupu. Dondoo litolewe pia saa moja na nusu au zaidi baada ya parasetamoli, wakati sumu imekwisha kutengenezwa. Lilinganishwe na asetilisisteini pia, isiwe silimarini peke yake. Vipimo hivi havihitaji mashine za mabilioni, na mwanafunzi wa uzamili katika maabara zetu anaweza kuvifanya. Mlonge ukipita hapo, tutakuwa na habari kubwa.

Je, wajua kwamba kuna ini dogo linaloishi kwenye chipu ya plastiki?

Mwaka 1993 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilikuwa zikijaribu fialuridini kwa wagonjwa 15 wa homa ya ini aina ya B. Wanyama walikuwa wameivumilia. Wiki kadhaa baadaye ini la wagonjwa 7 likaanza kushindwa. 5 walifariki na 2 waliokolewa kwa kupandikizwa ini jingine. Baadaye ilifahamika kwamba mitokondria za binadamu zina mlango unaoipitisha fialuridini hadi ndani, na mitokondria za panya hazina.

Msiba kama huo ndio unaowasukuma wanaojenga viungo kwenye chipu. Donald Ingber na wenzake wa Harvard walitangaza pafu la namna hiyo mwaka 2010: seli za binadamu kwenye mifereji myembamba, kimiminika kikipita kama damu. Desemba 2022 ikachapishwa kazi iliyotumia chipu 870 za ini kupima dawa 27 ambazo madhara yake kwa binadamu yalikuwa yameshajulikana. Chipu ziliwatambua 87% ya waharibifu wa ini, na hazikuisingizia hata dawa moja iliyo salama. Mwezi huohuo Marekani ilipitisha sheria iliyoondoa sharti kwamba kila dawa mpya lazima ipite kwa wanyama kabla ya kufika kwa watu.

Upungufu bado upo. Chipu kwa kawaida huishi wiki chache, na fialuridini ilichukua miezi miwili na zaidi kujionyesha kwa wagonjwa wengi. Vilevile ini la peke yake haliwezi kukueleza mabaki ya dawa yatafanya nini yakifika kwenye figo au kibofu. Kwa hiyo maabara kadhaa sasa zinaunganisha ini, figo na moyo kwa mkondo mmoja wa kimiminika, ili dawa inayovunjwa kwenye chipu ya kwanza ionekane inamfanyia nini jirani wa pili na wa tatu.